Jina Utakalompa Karani wa Geita

Luhende mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda dukani kwa Mzee Hamisi kuuliza kama lori lake litapakia leo au kesho alfajiri, nami nimekaa kizingitini na karatasi hizi magotini. Nataka nianze kabla hujarudi. Ukirudi tutaanzia tena pale tulipoachia juzi, na leo sina nguvu ya kupiga kelele. Mimi na wewe tukigombana kwa Kisukuma majirani huacha kazi zao wakasikiliza. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa kuandikia, ambayo sina matusi mengi ndani yake.

Sitakuambia habari za blanketi, wala maji ya kuchemsha, wala wanawake wa machimboni. Michembe ya viazi vikavu nimeshakutilia kwenye mfuko wa chumvi, umeuona. Hayo mengine nimeyasema mpaka mate yamenikauka, na wewe umeitikia "ndiyo mayu, ndiyo mayu" huku macho yako yako barabarani. Basi, yamekwisha.

Nataka kusema juu ya jina.

Juzi uliniambia, bila hata kuweka tonge chini, kwamba ukifika Geita na karani wa mgodi akikuuliza unaitwa nani, utasema Daudi. "Luhende namwacha hapahapa Shinyanga," ulisema, "mkae naye ninyi." Nami nikatupa mwiko. Unisamehe kwa ule mwiko. Sikuutupa kwa sababu ya Daudi, maana Daudi ni jina zuri na lina heshima zake. Niliutupa kwa sababu namjua mtu aliyekuchosha na jina lako, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameshika mwiko.

Habari hii unaijua nusu, ile nusu uliyopigiwa ngumi. Nusu nyingine nimekuwa nikiitoa vipande vipande, kila kipande kwa hasira, na sidhani kama umewahi kuviunganisha. Leo nitajaribu kusema yote kwa mfululizo, ingawa unajua sikai mahali pamoja. Hata sasa nimeshainuka kumfukuza kuku na kuangalia chungu ambacho hakina haja ya kuangaliwa.

Nilikuwa msichana mdogo nilipopelekwa misheni, baada ya ndui kuwamaliza wazee wangu. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Bibi Edna, aliyetufundisha kusoma asubuhi, na mchana akatuweka kwenye pasi za mkaa. Kupiga pasi ni kazi ya kuchosha roho, kwa hiyo alikuwa akitusimulia ili tusisinzie tukaunguza shuka. Alikuwa na sanduku la vitabu vilivyoota ukungu, na vingi kati yake viliandikwa na mwanamke mmoja wa mji wao, mwanamke aliyeishi zamani sana, wakati bibi yake Bibi Edna akiwa mtoto. Jina lake sikulishika. Lilikuwa refu na lina herufi nyingi ambazo hakuna aliyezitamka. Sisi tulimwita Mama Mwandishi.

Mji huo uko pwani ya Marekani. Meli zake, alisema Bibi Edna, ni miongoni mwa zile zilizoleta Unguja nguo tunazoziita marekani. Tulicheka sana. Tulidhani marekani ni jina la nguo tu, kama mbuzi anavyoitwa mbuzi.

Baba yake Mama Mwandishi alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara. Wazee waliopigana na mfalme wa Waingereza walikuja kunywa pale, na msichana akawa anaosha vikombe na kuwasikiliza. Kila mzee alikuwa ameshinda vita peke yake. Alipoolewa, mumewe akawa mtu wa baharini, haonekani nyumbani msimu baada ya msimu, naye akaanza kuandika kwenye meza ya jikoni, unga ukiwa bado haujafutwa. Aliandika vita ile kama hadithi: akamweka kijana, akamweka msichana, akaweka mto uliofurika, na wale wazee wa vikombe akawapa majina mengine na akili kidogo. Kitabu kilipotoka hakikuwa na jina lake, maana zama zile mwanamke kuweka jina lake juu ya kitabu ilikuwa aibu kwa mumewe. Watu wakasema kimeandikwa na mwanasheria fulani, na yule mwanasheria hakukanusha. Tuliposikia hapo tulipiga makelele ya hasira, na siku hiyo shuka ya mchungaji iliungua kweli.

Kitabu chake cha pili kilihusu wenyeji wa nchi ile, waliokuwapo kabla ya Wazungu, na kijiji chao kilivyochomwa moto na mababu wa wasomaji wenyewe. Hicho hakikununuliwa. Watu walimwambia ana kipaji ila hana shukrani. Bibi Edna alipofika hapo alitutazama sisi wasichana weusi na pasi zetu, kisha akasema haya, twendeni tukaanue nguo.

Cha tatu kilikuwa cha bandari. Ndani yake kulikuwa na nahodha aliyeikimbia meli yake ikiwa imejaa watu. Mama Mwandishi alihitaji mwoga, na jina la mwoga akaliokota makaburini, jina la nahodha wa kweli aliyekufa zamani, kwa sababu lilisikika vizuri. Asubuhi moja mwanamke mzee, muuza nyuzi, akabisha hodi. Hakukubali kuingia. Alisema yeye ni mjukuu wa yule nahodha. Mama Mwandishi akamwambia, "Lakini ni hadithi tu." Yule mzee akajibu, "Basi ungetia jina la babu yako." Akaenda zake.

Baadaye aliandika viwili vingine, na humo majina yote aliyabuni. Wasomaji wakasema havina damu. Uzeeni macho yalimwishia, akawa anafundisha watoto herufi kwa kuwashika vidole na kuvipitisha juu ya meza. Bibi yake Bibi Edna alikuwa mmoja wa watoto hao.

Mimi katika habari yote hiyo nilishika vikombe, meza ya jikoni na kitabu kisicho na jina. Nilikuwa nikipiga pasi huku kichwa kinawaka. Nilijiambia kwamba na kwetu kuna wazee walioshinda vita peke yao, na hakuna aliyewaandika. Yule mwanamke wa mlangoni nilimsikia kama mtu anavyosikia kwamba mvua imenyesha kijiji cha pili.

Nimeangalia barabara. Bado hujarudi. Pengine Hamisi anakupakiza magunia bure, unavyoonekana mpole.

Nikaolewa na marehemu baba yako, nikaja huku. Ulipozaliwa, bibi yako Nyanzobe alikuchukua mikononi mwangu hata sijakutazama vizuri, akasema, "Huyu ni Luhende. Baba yangu amerudi." Na toka siku hiyo anakuita Baba. Mwanzoni nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kucheka. Mtu mzima na mvi zake anamwambia mtoto wa kunyonya, "Baba, mbona umenikojolea tena?" Baba yako hakucheka. Aliniambia ndivyo ilivyo, aliyepewa jina la mtu ndiye mtu huyo, na nisiwe mshamba wa misheni.

Homa ilipomchukua baba yako ulikuwa unatambaa. Nikabaki na wewe, bibi yako, jembe, na kile kichwa kinachowaka. Mwenye duka alinipa karatasi za kufungia sukari, nikawa nanyoosha makunyanzi kwa pasi na kuandika. Niliandika habari za boma la zamani lililokuwa ng'ambo ya mbuga, lile ambalo sasa ni vichuguu na miiba. Wavamizi walilizunguka wakati wa misafara ya pembe, likakaa bila kuvunjwa, kisha lango likafunguliwa kutoka ndani. Nyumba zikachomwa na watu wengi wakachukuliwa.

Nilitembea, mwanangu. Ulikuwa mgongoni, baadaye ukawa unakimbia mbele yangu. Nilikwenda kwa kila mzee niliyesikia kwamba wazazi wake walitoka boma lile. Wote walinipa habari tamu za mishale na ng'ombe. Nilipouliza nani alifungua lango, walitazama miguu yao, mmoja akaomba ugoro. Katika nyimbo za kulimia nilikuwa nimesikia kwamba mlinzi wa lango aliitwa Luhende. Nikaona hesabu ni rahisi: mwenye kulinda lango ndiye awezaye kulifungua. Sababu ya kufungua sikuwa nayo, nikampa. Nikaandika kwamba wavamizi walimwahidi jora la marekani. Jora lile lilitoka kichwani mwangu, au tuseme lilitoka kwa Bibi Edna na meli zake.

Utaniuliza kwa nini sikumuuliza bibi yako, binti wa Luhende, tuliyekuwa tunakula naye ugali wa chungu kimoja. Nimejiuliza hilo leo mara nyingi. Mimi mkwe, nimeokotwa misheni, ningeanzia wapi kumwambia mama mkwe, hebu niambie kama baba yako aliuza watu? Niliona ni heshima kutembea mbali na kuacha kuuliza nyumbani. Ndivyo nilivyofanya. Nawe huko uendako, kama kuna jambo lazima ulijue, muulize kwanza mtu uliyekaa naye karibu, hata kama uso utawaka kwa aibu.

Halafu nikasoma kitabu changu. Unakumbuka msimu wa pamba, akina mama tulivyokaa uani kuchambua, nyeupe huku, yenye madoa kule, mikono inakwenda na masikio hayana kazi. Mimi niliwapa kazi. Nilisoma kila mchana mpaka pamba ikaisha, na wengine walileta pamba yao hata kama ilikwisha kuchambuliwa. Siku niliyosoma sura ya lango hakuna mkono uliosogea. Mwisho wake wakaniuliza, "Mama Luhende, ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli yote."

Siwezi kukuficha jinsi nilivyojisikia. Sijawahi kuwa mkubwa namna ile. Kama ningesema nimebuni wangechukua vikapu vyao, ndivyo nilivyodhani. Nikataka waondoke na kitu kizito.

Huko kwao Mama Mwandishi wafu wamelala. Ukiwasema vibaya, atakayekuja mlangoni ni mjukuu. Huku kwetu mfu anarudi, anapewa fimbo, anatumwa kuchunga ng'ombe. Mimi nilimwandika Luhende kana kwamba yuko kaburini, na wakati huohuo Luhende yuko mbugani anatafuta ndama. Nilijifunza kazi kwa Wamarekani nikasahau niko kwa nani. Akina mama waliporudi makwao walisimulia, watoto wao wakasikia, na kesho yake malishoni ukawa umepata jina jipya. Jora. "Jora, leo umeuza wangapi?" Ulirudi na jino limevunjika, na hukulia. Ulisimama hapa nilipokaa, ukaniuliza, "Mayu, ni mimi nilifungua?"

Hukusema "yeye". Ulisema "mimi".

Nikakujibu ni hadithi tu. Kwa wachambua pamba ilikuwa kweli yote, kwako wewe ikawa hadithi tu. Uliniangalia, ukaenda kunawa mdomo. Nadhani ni siku ile uliyoanza kuondoka, lori la Hamisi linamalizia tu kazi.

Sasa usidhani nimekaa hapa nimeinamisha kichwa kama mtu aliye barazani kwa mtemi. Kitabu kile bado nakipenda. Sura ya mvua inayonyesha juu ya boma lililoungua nisingeweza kuiandika vizuri zaidi hata leo. Umeniambia nikichome, na mara moja nilikipeleka hadi mekoni, nikasoma ukurasa mmoja nikarudi nacho. Ndivyo nilivyo. Nisingekuwa hivyo ungekuwa na mama mwingine, pengine anayepika vizuri zaidi.

Lakini Daudi ananitisha. Nitakuambia kwa nini, na si kwa sababu ya mizimu wala ya kanisa. Vijana waliorudi kutoka Geita wamenisimulia jinsi mashimo yanavyobomoka. Huko kila mtu amejipa jina la kufikia, huyu Tabora, yule Simba, wala hakuna anayejua mwenzake ni mtoto wa nani. Shimo likimwangukia Daudi, nani atakuja kumwambia mama wa Luhende? Watamzika Daudi wao, na mimi nitaendelea kukuandalia mahali pa kulala. Hilo ndilo linaloniinua kila nikikaa. Nimeshaweka chumvi kwenye mboga mara mbili.

Tena naogopa jambo jingine, dogo zaidi. Ukiacha jina lile, bibi yako atamwita nani Baba?

Nilitaka barua hii iishie kwa kukuomba usilitupe. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeandika tena, unaona karatasi ilivyochakaa hapa. Siwezi kukuomba, kwa sababu sijui ninakuomba ubebe nini. Sijui kama alifungua. Kama ningejua hakufungua, ningesimama sokoni niseme mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo. Kama ningejua alifungua, basi ningekuambia tubebe hivyohivyo, wengi wana mababu wabaya zaidi. Lakini nimekutwika gunia ambalo hata mimi sijalifungua nikaona ndani mna nini.

Ngoja. Nakwenda kuuliza.

Nimerudi. Taa imewashwa, nawe nakusikia nyuma ya nyumba unafunga kamba mizigo na kujifanya huoni kwamba ninaandika. Nitaandika upesi, usijali mwandiko.

Nilimkuta bibi yako ameketi mlangoni pake anabangua karanga za safari yako. Nilimsalimu, nikapiga magoti, nikakaa. Nikabangua naye kidogo. Halafu nikasema, "Mayu, nimekuja kuuliza jambo la aibu."

Akasema, "Umekawia. Karanga zenyewe zinakaribia kwisha."

"Baba yako alifungua lango?"

Hakuacha kubangua. "Alifungua."

Nikamwambia, "Mimi nilidhani nimebuni."

"Ulibuni jora," alisema, na hapo ndipo aliponitazama, kwa hasira kabisa. "Marekani! Siku ile nani alikuwa na haja ya marekani? Ungesema hata ng'ombe ningekuelewa. Kisima kilikuwa nje ya boma. Tulikuwa tunalamba umande kwenye nyasi za paa. Mama alikuwa na mdogo wangu wa kunyonya, maziwa yakakauka, mtoto akalia, halafu akanyamaza. Nikabaki mimi. Mimi sikunyamaza. Baba alikaa na kilio changu, akakaa nacho, mwisho akanibeba akaenda nami langoni. Mkono huu kanishika, mkono huu anaondoa magogo. Alitaka kufika kisimani na kurudi, basi. Hakujua kwamba wavamizi wamelala palepale chini ya uzio."

Nikamuuliza yeye na baba yake walifika wapi. Akasema yeye alifichwa kwenye mtama na mwanamke asiyemjua, na baba yake hakumwona tena. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua ilikatika.

"Na kwa nini hukuniambia? Nimesoma pale uani msimu mzima, wewe uko ndani unasikia."

"Mlikuwa mnasoma," akasema. "Hakuna aliyeniuliza. Na ningesema nini? Kwamba watu walichukuliwa kwa kilio changu? Wazee wale uliowafuata wanajua. Waliniona nikikua. Walinyamaza kwa ajili yangu, si kwa ajili yake."

Hapo nililia, nakuambia wazi. Yeye hakulia. Alinipa karanga chache nitafune, kama mtoto. Nikamuuliza kwa nini alikupa wewe jina lile, akijua yote aliyoyajua. Akasema wajukuu wote waliokutangulia mama zao walikataa, kila mmoja alikuja na jina lake tayari, maana ni wa hapahapa na wamesikia minong'ono. Jina la baba yake likabaki linazunguka nje, hakuna wa kulipokea. "Halafu ukaja wewe," akasema, "umetoka mbali, hujui kitu, unajua kusoma tu. Nikasema huyu hatakataa." Tukacheka wote wawili mpaka kikapu kikamwagika, kisha akaacha yeye kwanza.

Nikamwambia habari za Daudi. Nilidhani atakasirika. Aliokota karanga mavumbini moja moja. Kisha akasema, "Aende na jina lolote. Mimi nilitaka tu niite Baba na mtu aitike. Ameitika siku zote, hata alipokuwa na hasira na wewe. Mwambie inatosha."

Sijui kama inanitosha mimi. Lakini sasa najua ninachokutwika, na unajua nawe, na unaweza kukitua au kukibeba kwa macho yako mwenyewe. Ni jina la mtu aliyefungua lango kwa sababu mtoto wake alikuwa analia kiu. Alikosea, na watu walilipa, na hakutaka kitu cha mtu yeyote. Msimu wa pamba ukija nitawaita akina mama walewale, nitawaambia jora nililibuni mimi Kabula, na nitawasomea sura hiyo upya. Bibi yako amesema safari hii atakaa uani, anirekebishe nikikosea. Wakiondoka na vikapu vyao, waondoke.

Karani akikuuliza, mjibu utakavyo. Ila ukijibu Daudi, mwambie hata rafiki mmoja wewe ni wa nani na nyumba yetu iko wapi. Hilo nakuomba.

Na kesho, kabla hujapanda lori, pita kwake peke yako. Nilipoaga alikuwa amekwisha kuchukua kibuyu. Nikamwambia nitamtekea mimi, usiku unaingia na macho yake si ya kutembelea njia ya kisimani, akanisukuma pembeni. Amesema maji atakayokupa ameyateka mwenyewe, na ukifika atakunywesha kwa mkono wake, ukiwa umesimama palepale mlangoni.

Usimwambie huna kiu. Kunywa yote, mwanangu.

Mama yako,
Kabula